Maswali ya Maandishi katika Kesi ya Talaka: Mwongozo kwa Anayefichwa Mali



Makala ya juma hili ni ndefu kidogo kwa sababu nataka muiweke. Kila ninapoandika juu ya talaka napata ujumbe wa namna moja: "Mume wangu ana mali lakini sijui iko wapi," au "Mke wangu alifanya biashara kwa jina la kakake, nitathibitisha vipi?" Wengi hawajui kwamba sheria imeweka njia ya kumuuliza mwenzako maswali kwa maandishi, naye akatakiwa kuyajibu kwa maandishi, tena kwa kiapo. Mawakili huyaita intarogatori. Mimi nitayaita maswali ya maandishi.

Njia hii sikuijua darasani. Niliijua Mitunguu.

Binti wa khalati yangu aliolewa mwaka 2008 na kijana wa Kimeru aliyekuwa akileta ndizi soko la Kongowea. Kijana alisilimu, nikaha ikafungwa Mombasa, mahari ikatolewa, na bibi harusi akapelekwa Mitunguu, Imenti ya Kusini. Ukitoka Nkubu unateremka, baridi ya mlimani inakuacha, joto linakukaribisha kama la kwetu. Pande zote ni migomba, na maji ya mabomba yanamwagiliwa mashambani. Hapo ndipo alipoishi miaka 13, akazaa watoto watatu, akapalilia, akahesabu mikungu, akawapikia wapakiaji na kuweka hesabu za madalali.

Mwaka 2021 ndoa ilivunjika. Mwaka uliofuata nilisafiri kumwona. Alinifungulia mfuko wa plastiki: cheti cha nikaha, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitabu cha kliniki na picha moja ya lori. Basi. Alijua kuna lori, kuna mashamba mawili, kuna kibanda sokoni na kuna hisa za sako. Jina la nani liko kwenye karatasi gani, hakujua.

Akaniuliza, "Kaka, namba ya siri ya simu yake naijua. Niifungue nipige picha M-Pesa yote?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia afanye hivyo haraka. Kesho yake wakili mmoja wa Nkubu ndiye aliyetusimamisha sote wawili. Alisema kuingia katika simu ya mtu bila idhini yake kunaweza kuwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na kwamba Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, hata ya mume uliyegombana naye. Mwenye haki angegeuka mshtakiwa. Akachukua kalamu, akasema, "Muulizeni. Lakini muulizeni kwa karatasi."

Yafuatayo ni yale niliyojifunza kwake, na niliyoendelea kuyasoma tangu siku ile.

Maswali ya maandishi ni nini

Ni orodha ya maswali ambayo mhusika mmoja wa kesi anampelekea mhusika mwingine kabla ya kesi kusikizwa. Anayeulizwa hujibu kila swali kwa namba yake, na majibu huwekwa katika hati ya kiapo, inayotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Majibu hayo huingia katika faili. Siku ya kusikizwa, mtu akisema jambo lililo kinyume na alilolijibu, karatasi inasomwa mbele ya hakimu.

Hapo ndipo yanapotofautiana na maswali ya wazee. Kule Meru, kama ilivyo kwetu kwa masheikh na wazee wa mtaa, kesi ya nyumba huanzia kwa wazee, na Njuri Ncheke wanaheshimika sana. Kwa Kifungu cha 159 Katiba yenyewe inahimiza suluhu na njia za jadi. Binti wa khalati yangu naye alianzia kwa wazee. Waliuliza vizuri, mume akajibu vizuri, na hakuna aliyeandika. Juma la pili majibu yalikuwa mengine.

Mkondo huu ni wa zamani. Ulitumika katika mahakama za Uingereza karne nyingi zilizopita, ukaingizwa katika sheria za madai za India, na kutoka huko ukafika kwetu Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ndiyo maana Kenya, Tanzania na India zote zina vifungu vinavyofanana.

Sheria inasema nini

Kenya, msingi wake ni kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai, Sura ya 21. Kinaipa mahakama uwezo wa kutoa amri kuhusu kupeleka na kujibu maswali ya maandishi, kukubali nyaraka na ukweli, na kuonyeshana na kutoa nyaraka. Mahakama inaweza kufanya hivyo kwa ombi la mhusika au kwa hiari yake yenyewe. Kanuni za mwaka 2010, katika Agizo la 11, zinayataja maswali haya miongoni mwa mambo ya kupangwa kabla kesi haijaanza kusikizwa.

Kwa nini yana uzito katika kesi ya mali ya ndoa? Kwa sababu ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 7 kinasema umiliki wa mali ya ndoa unafuata mchango wa kila mmoja. Na kifungu cha 2 kinaeleza mchango: si pesa tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shambani vyote ni mchango.

Mwaka 2010 wengi walisoma Kifungu cha 45 cha Katiba, kinachosema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika, wakadhani maana yake ni nusu kwa nusu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema sivyo. Usawa haumaanishi kugawa katikati moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia, kiwe cha moja kwa moja au cha kupitia kazi nyingine. Kwa mwanamke aliyepalilia migomba miaka 13 bila risiti, hukumu hiyo ina maana moja: tafuta ushahidi. Na shahidi mkubwa wa kazi yake ni mume mwenyewe, akiulizwa sawasawa.

Kipo pia kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kinasema jambo likiwa katika ujuzi wa mhusika mmoja pekee, ni juu yake kulithibitisha au kulikanusha. Mwenye lori ndiye anayejua aliliuza kwa nani. Ukimuuliza kwa maandishi na akanyamaza, kifungu hiki kinampa wakili wako pa kusimama.

Kwa Kadhi au kwa hakimu?

Swali hili naulizwa sana, na jibu lina sehemu mbili.

Kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu, pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka yake. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinaacha talaka ya Kiislamu ifuate sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo talaka, khului, faskhi, eda, mahari iliyobaki na kitoka nyumba ni kwa Kadhi.

Mali ya ndoa ina mlango wa pili. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinasema Mwislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Neno lililotumika ni "anaweza", halikusema lazima. Na kifungu cha 17 kinaruhusu ombi la kutangaziwa haki ya mali kuletwa hata kama hakuna kesi ya talaka iliyofunguliwa. Binti wa khalati yangu alimaliza mambo ya talaka kwa Kadhi, akafungua faili tofauti ya mali katika mahakama ya kawaida. Wewe uamue na wakili wako kabla hujaanza, kwa sababu mlango unaoingilia ndio utakaoongoza hesabu yote.

Je, maswali ya maandishi yanaingia kwa Kadhi? Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sura ya 11, inafuata kanuni za ushahidi za Kiislamu, na kifungu cha 6 kinataka kila shahidi asikizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kila jambo liamuliwe kwa ukweli wa ushahidi, si kwa wingi wa mashahidi. Kuomba mwenzako aeleze mali yake kwa maandishi na kwa kiapo hakupingani na hayo. Katika fiqhi yetu anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekana huapishwa. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kuuliza ni utovu wa adabu au ni mambo ya kizungu. Muombe Kadhi kwa heshima, kupitia wakili au kwa barua ya ombi katika faili.

Hatua kwa hatua

Kwanza, orodhesha unachokijua. Kabla ya kuuliza, andika kila mali unayoikumbuka, mwaka iliopatikana na nani alikuwepo. Binti wa khalati yangu aliandika kurasa sita za daftari la shule. Alikumbuka hata kwamba lori lilinunuliwa mwaka aliojifungua mtoto wa pili.

Pili, tafuta unachoweza kupata bila kumuuliza. Upekuzi wa shamba katika ofisi ya ardhi, upekuzi wa gari, upekuzi wa kampuni kwa msajili. Swali lenye namba ya shamba ndani yake lina nguvu kuliko swali lisilo na namba, kwa sababu anayejibu anajua kwamba unajua.

Tatu, peleka maswali kwa barua kwanza. Wakili wake akiyapokea na kuyajibu kwa hiari, mmeokoa muda na pesa. Weka tarehe ya mwisho katika barua. Sisi tulitoa siku 21.

Nne, akinyamaza, omba amri. Ombi linapelekwa mahakamani likiwa na maswali yenyewe, hati yako ya kiapo inayoeleza kwa nini kila swali linahusu kesi, na nakala ya barua aliyoipuuza. Hakimu ana uwezo wa kukubali yote, kufuta baadhi, au kutaka yaandikwe upya. Sisi tulipewa amri ya kujibiwa ndani ya siku 14. Maswali mawili yalifutwa.

Tano, yasome majibu kwa kalamu mkononi. Jibu lililokwepa, lipigie mstari. Jibu linalotaja karatasi, ombeni karatasi hiyo itolewe. Jibu linalotaja mtu, fikirini kama aitwe kuwa shahidi.

Swali zuri na swali baya

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira, katika chumba cha kulala wageni pale Mitunguu. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, ni kweli kwamba umemdhulumu mke wako na kuficha mali?" Wakili alicheka. Akasema, "Huyu atajibu neno moja: Hapana. Na utakuwa umempa nafasi ya kujisafisha."

Akaniandikia hivi:

1. Taja kila gari ulilomiliki au kulitumia katika biashara tangu tarehe ya ndoa hadi leo: namba ya usajili, tarehe ya kununuliwa, bei, na pesa zilikotoka.

2. Kwa kila gari uliloliuza au kulihamisha, eleza aliyelipokea, uhusiano wako naye, tarehe, bei, na namna ulivyolipwa.

3. Taja kila shamba unalolima, liwe kwa jina lako au la mtu mwingine, na ueleze ulilipata vipi na lini.

4. Taja kila akaunti ya benki, sako, chama na simu uliyoitumia kupokea pesa za ndizi katika miaka mitatu iliyopita, na salio lake siku mlipotengana.

5. Eleza kazi aliyoifanya mlalamishi katika shamba na biashara, kwa miaka yote ya ndoa, na malipo aliyopewa kama yapo.

6. Eleza ni nani aliyelipa karo, chakula, matibabu na kodi ya nyumba katika miaka hiyo.

Tazama yalivyojengwa. Kila swali linauliza jambo moja. Lina kipindi, kuanzia lini hadi lini. Linataka tarehe, jina, kiasi. Halina tusi. Halimpi mtu mlango wa "ndiyo" au "hapana". Na kila moja linahusu jambo ambalo mahakama italiamua: mali ni ipi, ilipatikana lini, nani alichangia nini.

Swali baya huwa la aina nne. Kuna la kubahatisha, ambalo huna sababu ya kuliuliza ila unatumaini kitu kitatokea. Kuna la kuchimba aibu, kama kuuliza majina ya wanawake wote aliowahi kuzungumza nao. Kuna lililobeba mambo matatu kwa pamoja, anayejibu akachagua jepesi. Na kuna la kisheria, kama "Je, wakubali nina haki ya nusu?" Hilo ni la hakimu, si la mume.

Idadi nayo ina maana. Maswali 15 yaliyopimwa yanasomwa. Maswali 90 yanamchosha hakimu na kumpa mwenzako sababu ya kusema anasumbuliwa.

Yasiyofikika kwa njia hii

Maswali haya huulizwa mhusika wa kesi tu. Huwezi kumpelekea shemeji, meneja wa sako, au mnunuzi wa ndizi wa Kongowea. Hao wanaitwa kwa hati ya kuitwa mashahidi, au wanaamriwa watoe nyaraka. Mali ikiwa kwa jina la ndugu, wakili ataangalia kama ndugu huyo aunganishwe katika kesi.

Mazungumzo kati ya mtu na wakili wake yamelindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi. Usiyaulize. Siri za mume na mke zimelindwa na kifungu cha 130, lakini kinga hiyo haisimami katika kesi iliyo baina yao wenyewe. Kwa hiyo "uliniambia usiku ule kwamba shamba ni letu sote" ni jambo linaloweza kuulizwa.

Tena kuna mali ambayo hata ukiijua haitakuwa yako. Kifungu cha 5 kinaitoa nje mali iliyopatikana au kurithiwa kabla ya ndoa, na kifungu cha 6 kinatoa mali ya amana, pamoja na ardhi ya amana ya kimila. Mashamba mengi ya Meru, kama viambo vyetu vya Pwani, ni ya wazee na ukoo. Jibu la kweli la mume laweza kukuvunja moyo na likawa sahihi kisheria.

Majibu ya Mitunguu

Majibu yetu yalikuja 2023, yamepigwa muhuri.

Kuhusu lori, alijibu kwamba aliliuza 2021 kwa ndugu yake. Alipofika kwenye swali la malipo akaandika kwamba bado hajalipwa. Mwezi aliotaja ni mwezi uliofuata ule ambao mkewe aliondoka. Gari la biashara, limeuzwa kwa ndugu, halijalipiwa hata shilingi, na linaonekana kila Jumanne likipakia ndizi sokoni. Hakuna hotuba ambayo wakili angeitoa ikaeleza jambo hilo vizuri kuliko mistari ile miwili.

Kuhusu kazi ya shambani, aliandika kwamba mkewe "alinisaidia tu kupalilia, kuvuna na kuandika hesabu." Yeye aliona anaipunguza kazi hiyo kwa neno "tu". Wakili akaizungushia duara. Kupalilia, kuvuna, kuandika hesabu: kazi ya shamba na usimamizi wa biashara, vyote vilivyotajwa katika kifungu cha 2. Mume amekiri kwa kiapo jambo ambalo mke hakuwa na karatasi hata moja ya kulithibitisha.

Kuhusu sako, alitaja kiasi. Kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani. Kuhusu shamba la pili, alijibu kwamba ni la baba yake tangu kabla ya ndoa, na upekuzi ulionyesha ni kweli. Miaka yote binti wa khalati yangu aliamini lile shamba ni lao. Alilia siku ile kuliko siku ya talaka.

Mwaka 2024 walipatana, hati ya makubaliano ikawekwa mahakamani. Alipata kibanda cha sokoni, sehemu ya thamani ya lori, nusu ya hisa za sako, na karo ya watoto ikaandikwa kwa kiasi na tarehe. Hakupata shamba. Sisemi alipata kila alichostahiki. Nasema aliingia na mfuko wa plastiki, akatoka na kitu cha kuanzia maisha.

Ukiwa wewe ndiye unayeulizwa

Safu hii inasomwa na waume pia, na wako wanawake wenye mali kuliko waume zao.

Ukipokea maswali, usiyatupe. Mpelekee wakili siku hiyo hiyo, hesabu siku ulizopewa. Jibu kilichoulizwa, usizidishe hadithi. Usichokijua, sema hukijui, lakini kwanza fungua kabati lako na simu yako utazame. "Sikumbuki" mbele ya taarifa ya benki inayoweza kuchapishwa kwa dakika tano inamfanya hakimu akutilie shaka hata ulipokuwa mkweli. Swali lisilohusu kesi, pinga kwa maandishi na utoe sababu. Usilirukie kana kwamba halikuwepo.

Na usidanganye. Kusema uongo kwa kiapo katika kesi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kwetu sisi Waislamu, kiapo cha uongo cha kula haki ya mtu ni miongoni mwa madhambi makubwa. Karatasi ya mahakama haiondoi hesabu ya Akhera.

Asiyejibu kabisa naye ana hasara. Mahakama inaweza kumtoza gharama kwa kukiuka maagizo ya maandalizi ya kesi, na hakimu anaweza kuuchukulia ukimya huo kuwa una sababu yake.

Watoto

Kesi ya matumizi ya watoto iko chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na huko kuna kitu kinachofanana na maswali haya: hati ya kiapo ya mapato, ambayo kila mzazi anaeleza anapata nini na anatumia nini. Maswali ya maandishi yanaweza kufuata hati hiyo. Kama baba ameandika kipato chake ni cha kibarua, na watoto walikuwa wakisoma shule ya kulipia, uliza karo ile ililipwa na pesa zipi.

Walio nje ya Kenya

Tanzania wana Agizo la XI katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Huko hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, maarufu kama kesi ya Bi Hawa, ilikwisha sema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Jamaa zetu walioko Uingereza watakutana na Fomu E, ambayo kila mmoja anajaza mali na madeni yake yote, kisha kila upande unaandaa maswali juu ya fomu ya mwenzake. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. California, kwa mfano, ina fomu iliyochapishwa ya maswali ya kesi za familia. Ukiwa huko usichukue kanuni za Kenya ukazitumia.

Gharama na msaada

Kuandika maswali si ghali. Kinachogharimu ni ombi la amri na muda wa wakili. Usiye na uwezo, fika kwa FIDA Kenya, wenye ofisi Nairobi, Mombasa na Kisumu, au Kituo cha Sheria. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Nenda na orodha yako imekwisha andikwa. Msaidizi wa sheria atakusaidia zaidi ukiwa na kurasa sita kuliko ukiwa na machozi peke yake.

Makala hii si badala ya wakili. Kila kesi ina sura yake.

Neno la mwisho

Usiku ule Mitunguu, baada ya wakili kunisahihishia orodha, nililala nikiyasoma maswali yale. Nikajaribu kuyajibu kana kwamba mke wangu ndiye aliyeniuliza. Akaunti zangu ni zipi, nadaiwa na nani, kiwanja cha Kisauni kimeandikwa kwa jina gani. Nilikwama swali la tatu. Si kwamba nilimficha; hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusema. Lakini lau ningekufa njiani nikirudi, yeye na watoto wangeanza na mfuko wa plastiki kama ule.

Niliporudi Mombasa nilinunua daftari, tukakaa mezani baada ya Isha, tukaandika. Kuna mambo tuliyozozana, ikiwemo pesa niliyomkopesha rafiki. Daftari lipo kabatini, sote tunajua lilipo, na kila Muharram tunalifungua upya.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wenye ndoa zilizotulia, ulizaneni sasa, kwa upole, mkiwa na kahawa. Wale ambao mambo yamekwisha haribika, msivunje simu za watu. Ulizeni kwa karatasi.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshallah.